Kitanda cha Bibi Katikati ya Barabara

Nyumba ya kinyozi ilikuwa na vyumba viwili vya mbele. Upande mmoja alinyoa yeye. Upande wa pili mkewe alishona nguo. Nyuma walilala wao, watoto wao mapacha, na Bibi, mama mzazi wa kinyozi.

Mke wa kinyozi aliitwa Mama Pacha. Alishona sare za shule, mapazia na magauni. Cherehani yake ililia kutwa. Naye hakuwa nyuma kwa maneno.

Upande wa kinyozi, mashine ya kunyolea iliunguruma, na wanaume waliunguruma pamoja nayo. Walikaa kwenye benchi refu lililoegemea ukuta. Pale kwenye benchi, nchi ilitawaliwa upya kila siku. Mawaziri walifukuzwa. Bajeti ilipangwa. Kocha wa timu ya taifa alibadilishwa kabla chai haijapoa. Mzungumzaji mkuu alikuwa mteja mmoja mwenye ndevu nyingi. Walimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha popote, lakini hapakuwa na jambo asilolijua.

Kinyozi mwenyewe hakupenda ubishi. Kila shida aliijibu kwa neno moja.

Siku moja maji yalikatika mtaa mzima. Kinyozi akasema, "Yataisha haya."

Mkewe akamjibu kutoka upande wa pili, "Maji yameisha tayari, baba watoto. Labda sasa ziishe ndoo."

Benchi zima likacheka. Tangu siku hiyo mtaa ukambandika jina: Yataisha. Naye hakukasirika. Alisema jina nalo litaisha.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na uchochoro. Wote mtaani waliupita. Ulikwenda zahanati, shule na sokoni. Baraza la mji lenyewe lilikuwa limeujenga kwa kodi za watu. Chini liliweka saruji, pembeni mtaro, juu taa. Watoto walikwenda shule peke yao, kwa sababu hapakuwa na gari linaloweza kupita humo. Bibi alipita humo na fimbo yake kwenda kupima presha. Kila mlango alisimama akasalimia, kama mtu anayeomba kura.

Kisha wakaja mafundi na matofali.

Mama Pacha aliwaona walipoanza kuchimba msingi. Akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Jamani, mnajenga nini hapa?"

"Ukuta, mama."

"Ukuta kwenye njia?"

"Sisi tumetumwa tu. Muulize mwenye ghala. Anataka mahali pa kuegesha malori."

Mwenye ghala alikuwa shemeji wa diwani. Hilo halikuwa siri. Hata watoto walilijua.

Mama Pacha akaingia kwa kinyozi bila kubisha hodi.

"Baba Pacha, wanafunga uchochoro!"

Kinyozi hakuinua macho. Alikuwa akinyoa shingo ya mtu. "Watakuwa na kibali."

"Kibali cha nani? Wewe umeulizwa? Mimi nimeulizwa?"

Profesa akakohoa. "Hili ni suala la mipango miji, shemeji. Lina tabaka nyingi."

"Mimi naona matofali tu."

"Ukichambua kwa undani..."

"Chambua mchele, Profesa! Nje kuna watu wanajenga. Inukeni twende tukawaulize!"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema atakwenda akishanyolewa. Mwingine akasema mguu unamuuma. Profesa akasema jambo kama hili linahitaji subira.

"Yataisha haya," kinyozi akasema.

Na kweli yaliisha. Ukuta uliisha. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, na juu yake walipanda vipande vya chupa.

Sasa kila mtu alilazimika kuzunguka kwa barabara kuu. Barabara ile haikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Upande mmoja malori, upande wa pili shimo la mtaro. Lori likipita, ilibidi ujibanze pembeni na kufumba macho kwa vumbi. Siku ya mvua pacha mmoja alirudi na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope alipokuwa akiruka kulikwepa lori.

Mama Pacha alimwosha mtoto miguu.

"Watazoea," kinyozi akasema.

"Watazoea nini? Kufa?"

"Usikuze mambo, mama watoto. Leseni ya duka hili inapita mikononi mwa diwani. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Umebusu mpaka midomo imechubuka! Na bado wanakunyooshea mkono."

Kinyozi akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikomuudhi zaidi mkewe. Mtu anayebishana unaweza kumshinda. Mtu anayenyamaza utamfanya nini?

*

Bibi aligongwa asubuhi, akienda zahanati.

Malori mawili yalikuwa yakipishana. Moja lilisogea pembeni. Bibi naye alisogea, lakini nyuma yake hapakuwa na pa kusogea. Ubavu wa lori ulimpiga begani, akaangukia mtaroni. Mfupa wa paja ulivunjika. Dereva alishuka, akakaa chini kando ya barabara, akalia kama mtoto.

Bibi alilazwa hospitali kubwa. Alipasuliwa. Aliporudi nyumbani, hakuweza kusimama. Kidonda cha mguu kilitakiwa kusafishwa zahanati kila wiki. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha. Kutoka pale aliuona ule ukuta vizuri. Aliutazama kutwa, kama mtu anayemtazama mwizi aliyekalia kiti chake.

Wiki ile ile diwani akaja. Alikuja na wasaidizi, blanketi jipya na mpiga picha. Kinyozi alikimbia kufuta viti. Akapokea blanketi kwa mikono miwili, akainama.

"Asante sana, Mheshimiwa. Umetukumbuka."

Diwani akakaa pembeni mwa kitanda. Akamshika Bibi mkono na kugeuza uso kwa mpiga picha.

"Pole sana, mama yangu. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

Bibi akauvuta mkono wake.

"Hii ilikuwa na kinga," akasema. "Ilikuwa na saruji chini na taa juu. Nimeipita miaka yote sijagongwa hata na baiskeli. Shemeji yako akaijengea ukuta."

Mpiga picha akashusha kamera. Diwani akacheka kidogo.

"Mama ana homa," akamwambia kinyozi.

"Ndiyo, Mheshimiwa," kinyozi akasema. "Ana homa."

Bibi hakuwa na homa. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Alisikia neno lile la mumewe. Diwani alipoondoka, Mama Pacha alilichukua blanketi. Akatoa nje kiti chake cha kushonea, akakipanda, akalitupa juu ya ukuta, kwenye vile vipande vya chupa. Likaning'inia pale, watu wote walione.

Kinyozi akatoka mbio. "Una wazimu? Atasema tumemtukana!"

"Tumemtukana? Mama yako amevunjwa mguu, na wewe umesema ana homa! Mama yako mzazi! Mimi nimeolewa na mwanaume au nimeolewa na lile benchi?"

Majirani walitoka kutazama. Kinyozi akashusha sauti. Lakini safari hii hakunyamaza.

"Unadhani mimi sina uchungu? Unamkumbuka muuza magazeti wa pale kona? Alisimama kwenye mkutano, akauliza kwa nini takataka hazizolewi. Akauliza tu. Kesho yake kibanda chake kikavunjwa. Nani alikwenda kumsaidia? Mimi sikwenda. Hata wewe hukwenda. Ulikuwa unashona."

Ilikuwa kweli. Siku ile Mama Pacha alisikia nyundo zikivunja kibanda. Alikaza mguu kwenye cherehani ili asizisikie.

"Ni kweli," akasema. "Hata mimi sikwenda. Ndiyo maana leo wametufikia sisi."

*

Kinyozi alikuwa na dada. Alikuwa mwanasheria katika kituo cha msaada wa sheria, mji wa jirani. Alikuja kumtazama mama yake mwisho wa wiki. Alimkuta wifi yake, Mama Pacha, akichemsha maji ya kumwosha mgonjwa.

Alisikiliza habari yote. Kisha akaenda kuutazama ukuta. Aliporudi, alikuwa amekunja uso.

"Wifi," akasema, "kwa nini hamkunipigia simu siku ya msingi?"

"Nilimwambia kaka yako."

"Na kaka yangu akasema yataisha." Akamgeukia kinyozi. "Wewe ndiye uliyetakiwa uitwe Nitaisha."

Bibi akacheka hadi mguu ukamuuma.

Mwanasheria akaketi. Mama Pacha akasogeza kiti karibu.

"Niambie, wifi. Tunaweza kufanya nini? Au ndiyo basi?"

"Sikiliza. Njia ya umma si mali ya diwani. Si mali hata ya baraza la mji. Baraza linaitunza tu kwa niaba yenu. Ikitakiwa kufungwa, lazima watangaze, na lazima wawasikilize wanaoitumia. Mlitangaziwa?"

"Tulitangaziwa na matofali."

"Basi ukuta ule hauna haki ya kusimama. Na vikao vya baraza viko wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kuomba kusema. Umewahi kumwona mtu wa mtaa huu akienda?"

"Hata sikujua mlango uko wapi."

"Wao wanajua hamuujui. Wanakula vizuri kwa sababu hiyo."

Kinyozi akaingilia. "Dada, utatuletea polisi hapa."

"Kuandamana kwa amani si kosa. Ni haki yako, kama kupiga kura. Mnaandika barua kwa polisi mapema. Mnataja siku, njia na watu watakaosimamia. Barua ile ni taarifa. Hamwendi kupiga magoti."

"Na wakitupiga?"

Mwanasheria hakutaka kumdanganya kaka yake.

"Inaweza kutokea," akasema. "Sitakuficha. Ndiyo maana mtu haendi peke yake. Muuza magazeti alisimama peke yake, wakamvunja peke yake. Mkiwa wengi, mkiwa na mtu wa sheria, mkiwa mikono mitupu, inawawia vigumu. Msirushe hata kokoto. Wao wanalitaka sana jiwe lenu. Jiwe moja likirushwa, kesho habari yote itakuwa jiwe. Ukuta hautatajwa."

"Na tukikosea? Tukishindwa?"

"Mtarudi tena. Kwani sasa hivi mnashinda?"

Kinyozi akatoka nje. Bibi akainua kichwa kwenye mto.

"Kila wiki mimi nakwenda zahanati," akasema. "Njia yangu wameifunga. Basi nibebeni kwa njia waliyonipa wao. Nibebeni na kitanda. Polepole, katikati ya barabara. Nataka malori yanione vizuri safari hii."

Mama Pacha na wifi yake wakatazamana.

"Mama," mwanasheria akasema, "hiyo tutaiandika kwenye barua."

*

Mama Pacha alizunguka mlango kwa mlango. Hapo ndipo alipojua hofu ina sura nyingi.

Fundi wa redio alisema, "Mwanangu anasubiri kazi pale baraza la mji."

Mama mwenye duka alisema, "Wengine wakitangulia, nitafuata." Na jirani yake akasema hivyo hivyo. Na jirani wa jirani pia. Mama Pacha akawaambia, "Mnasubiriana kama watu waliosimama kwenye foleni isiyo na wa kwanza!"

Mzee mmoja alisema, "Tumwachie Mungu."

"Mungu yupo, baba," Mama Pacha akamjibu. "Na ametupa miguu. Sijui ulidhani ni ya nini."

Mlango wa mwisho aliokwenda ulikuwa wa muuza magazeti. Hakuwa na kibanda tena. Aliuza magazeti machache akiyatembeza mkononi. Mama Pacha alisimama mbele yake, hakujua aanzie wapi.

"Siku ile walipovunja kibanda chako, nilisikia," akasema. "Sikutoka. Nimekuja kukuomba radhi."

Yule mtu alimtazama. Macho yake hayakuwa na upole.

"Umekuja kwa sababu yamekufika."

"Ndiyo. Ni kwa sababu hiyo."

"Nilisimama pale nikawatazama. Mtaa mzima madirisha yamefungwa. Joto lile, madirisha yote yamefungwa!"

Muuza magazeti akapanga magazeti yake upya mkononi.

"Kitanda kinabebwa siku gani?" akauliza.

Siku ya zahanati ilipofika, walikuja watu wachache. Walikuja wanawake wa uchochoroni, mama mwenye duka ambaye hakuweza kulala kwa aibu, na muuza magazeti. Mwanasheria alikuja na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa polisi. Mama Pacha alikuwa ameshona kitambaa kikubwa cheupe. Juu yake alishona maneno kwa uzi mwekundu: TUFUNGULIENI NJIA YETU.

Wakakibeba kitanda. Bibi alikuwa amejifunga kilemba kizuri. Alikaa kama bibi harusi, mguu umenyooka mbele.

Ilibidi wapite mbele ya duka la kinyozi. Mlango ulikuwa wazi. Benchi lilikuwa limejaa. Profesa alikuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Simamisheni," Bibi akasema.

Wakasimama. Bibi akatazama ndani.

"Habari za siasa, waheshimiwa?"

Bibi akaendelea.

"Nasikia humu mmeshafukuza mawaziri wote. Hongereni. Mimi nina ukuta mmoja tu. Mnaweza kunisaidia, au ukuta una tabaka nyingi?"

Mashine ilikuwa bado inaunguruma mkononi mwa kinyozi. Aliwatazama wanawake. Mmoja alikuwa mjamzito, naye amekamata mguu wa kitanda. Kinyozi akautazama mguu wa mama yake, umevimba, umefungwa bandeji. Alikuwa anaogopa. Kila mtu aliona. Akazima mashine. Akatoka, akamsogeza yule mjamzito taratibu, akashika kitanda upande wa kichwa.

"Umechelewa," Bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi nyanyua juu. Unaniinamisha."

Profesa akainuka kwenye kiti. "Na mimi? Umenyoa upande mmoja!"

"Njoo na upande huo huo," kinyozi akasema.

Na Profesa akaja. Alitembea barabara kuu na kichwa nusu, kitambaa kikipepea shingoni. Watu walitoka nje kumcheka, kisha wakaona kitanda, wakaacha kucheka. Wengine wakaungana nao. Benchi likabaki tupu.

Malori yakasimama. Mwanzoni yalipiga honi. Kitanda hakikuongeza mwendo. Gari la polisi likafika, askari wakashuka na virungu. Mkubwa wao akaja mbele.

"Tawanyikeni!"

Kijana mmoja nyuma akaokota jiwe. Mwanasheria akamwona.

"Ketini!" akapaza sauti. "Wote ketini chini!"

Wakaketi, palepale kwenye lami. Kijana akabaki amesimama peke yake na jiwe lake, watu wote wakimtazama. Akaliweka chini, naye akaketi.

Mwanasheria akanyoosha barua. "Mlipewa taarifa, afande. Huu hapa muhuri wenu. Njia, siku na saa ni hizi hizi."

Mkubwa wa askari akasoma. Akamtazama Bibi.

"Mgonjwa anapelekwa wapi?"

"Zahanati, mwanangu," Bibi akasema. "Zamani nilikuwa nafika kabla fimbo haijachoka. Sasa tazama msafara."

Askari akarudisha barua. Akawaambia wenzake wayazuie malori mpaka kitanda kipite. Dereva mmoja akazima injini. Mwingine naye akazima. Kwa mara ya kwanza barabara ile ikasikika kimya.

Baada ya zahanati walikwenda hadi ukumbi wa baraza la mji. Mlango ulikuwepo, na ulikuwa wazi kama mwanasheria alivyosema. Wakaingia na kitanda. Diwani alipowaona, alisimama kwa hasira.

"Nani amewatuma? Nataka kujua, ni nani amewatuma?"

Mama Pacha alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi. Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikapata nguvu.

"Tumetumwa na mguu huu. Kila mkiulizwa swali, mnatafuta nani amemtuma mwenye swali. Sisi ni watu wazima! Tunaumia wenyewe, tunajua njia ya kuja hapa wenyewe. Tuambieni nani aliruhusu ukuta ule, na unabomolewa lini."

Mwenyekiti wa baraza akasema wataunda kamati.

"Undeni," Bibi akasema. "Mimi nina kidonda cha kila wiki. Tutaonana wiki ijayo."

*

Hawakusamehewa kirahisi. Siku chache baadaye alikuja mkaguzi wa afya. Akasema taulo za kinyozi ni chafu, akafunga duka kwa kufuli. Taulo zilikuwa zimetoka kwenye kamba asubuhi ile.

Kinyozi alisimama nje ya mlango wake uliofungwa. Hofu yake yote ilikuwa imetimia. Alingoja kusikia madirisha yakifungwa mtaani.

Aliyefika wa kwanza alikuwa muuza magazeti. Akasimama kando yake. Kisha akaja fundi wa redio, ambaye mwanawe alikuwa anasubiri kazi. Kisha Profesa, ambaye upande wa pili wa kichwa alikuwa ameunyoa mwenyewe, vibaya. Kisha mtaa. Wakaenda pamoja ofisi ya afya. Walijaza ngazi, wakajaza veranda. Kila mmoja alimwuliza mkaguzi swali lile lile kwa adabu: "Taulo ipi, bwana? Tuonyeshe." Mkaguzi hakuwa na taulo ya kuonyesha. Kufuli likatolewa jua likiwa bado juu.

Wiki iliyofuata kitanda kilibebwa tena. Na iliyofuata. Kila safari watu waliongezeka. Walimu walikuja na wanafunzi wao. Wauguzi walingoja getini. Barua kwa polisi iliandikwa kila mara. Hakuna jiwe lililorushwa. Wakaongeza neno la pili kwenye kitambaa cheupe: muuza magazeti arudishiwe kibanda chake. Mwenye ghala alianza kulalamika kwamba malori yake yanachelewa. Magazeti yakaandika. Madiwani wengine wakaanza kuona haya, au kuogopa kura, ambayo kwao ni kitu kimoja.

Hatimaye baraza likapiga kura. Kibanda kirudishwe. Ukuta ubomolewe, na gharama abebe aliyeujenga.

Mafundi walewale waliujia ukuta na nyundo. Mtaa wote ulitazama. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mguu wa Bibi haukupona sawasawa. Daktari alisema atachechemea maisha yake yote. Hasira hiyo ilikuwa bado ipo, na nyundo hazikuweza kuibomoa.

Asubuhi ya kufungua njia, diwani akatokea. Alikuja na wasaidizi wake, utepe mwekundu na mkasi. Wasaidizi wakafunga utepe kuvuka uchochoro. Diwani akapanda juu ya rundo la matofali yaliyobaki, akaanza kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kama mnavyojua, mimi ni msikivu. Nimesikia kilio chenu, na leo nimewaletea njia..."

Zamani watu wangepiga makofi, kisha wangerudi nyumbani kumsema. Leo walisimama tu. Bibi alikuwa mbele, akiegemea bega la mkwewe.

Kinyozi akatoka kwenye kundi. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini haikutetemeka.

"Mheshimiwa, samahani. Shuka hapo chini kwanza."

Diwani akastuka. "Unasemaje?"

"Shuka. Njia hii hukutuletea wewe. Ilikuwepo, mkaifunga. Tuliuliza barazani nani aliruhusu ifungwe. Hatujajibiwa. Mama yangu hawezi kutembea vizuri. Nataka jina la aliyetia saini."

"Mambo hayo yana utaratibu wake. Leo ni siku ya furaha..."

"Tunaujua utaratibu," Mama Pacha akasema. "Unauliza, unajibiwa."

Diwani akatazama huku na huku. Mtu aliyemtarajia amsaidie hakuonekana. Mpiga picha alikuwa amemwelekezea kamera yeye peke yake, jasho likimtiririka. Watoto waliovaa sare wakainama, wakapita chini ya utepe, wakaenda zao shule. Watu wazima hawakuondoka. Mama mwenye duka alitoa kiti, Bibi akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu mbele ya diwani.

"Tunakusikiliza, Mheshimiwa," kinyozi akasema.